Kuboresha mtaa, kupata kiwanja, kujenga kwa ushirika au kuhamia nyumba mpya: namna ya kuchagua

Kikao cha wakazi kinaweza kuanza vizuri kisha kikavunjika kwa swali moja. Kuna akiba kidogo imekusanywa, au halmashauri na mfadhili wameonyesha nia, na kila mtu ana jibu lake. Huyu anataka mitaro na vyoo hapohapo mlipo. Yule anasema mtaa umeshaharibika, afadhali viwanja vipya. Wa tatu anataka muungane mjenge pamoja. Wa nne, aliyechoka kuamka usiku kuhamisha godoro kila bati linapovuja, anataka nyumba iliyokwisha kujengwa, apewe ufunguo aingie. Wote wana hoja. Kila njia kati ya hizo imejaribiwa duniani kwa miaka mingi, na tunaweza kuona ilipofaulu na ilipowaumiza watu.

Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi linakadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1 wanaishi katika makazi duni. Kwa kipimo chake, kaya huhesabiwa humo ikikosa hata kimoja kati ya vitu vitano: nyumba imara, nafasi ya kutosha (watu wasiozidi watatu kwa chumba), maji safi, choo kinachofaa, na uhakika wa kutofukuzwa. Kwa hiyo kaya mbili zinaweza kuwa na jina lilelile la makazi duni, huku moja ikihitaji choo tu na nyingine ikihitaji kuondoka kwenye mkondo wa mafuriko kabla ya msimu ujao. Kabla ya kubishana juu ya njia, hesabuni kwanza mmekosa kipi.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima njia zote nne kwa vigezo vitano.

Cha kwanza ni mahali na riziki: umbali wa kwenda kazini, shuleni, zahanati, na kwa yule jirani anayekushikia mtoto ukiwa kibaruani. Cha pili ni uhakika wa kukaa, yaani karatasi itakayowalinda siku tingatinga likifika, na jina la nani limeandikwa juu yake. Cha tatu ni mzigo wa kila mwezi. Hapa watu hukosea wakihesabu kodi au marejesho ya mkopo peke yake, wakasahau maji, umeme, nauli na ukarabati. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba makazi yasile zaidi ya asilimia 30 ya kipato, lakini kwa familia inayopata kidogo sana hata hiyo 30 ni nyingi, kwa kuwa kinachobaki hakitoshi chakula. Cha nne ni afya: sakafu, maji machafu, hewa, msongamano. Cha tano ni kazi na muda: nani atabeba mawe, nani atahudhuria vikao, na mtalala wapi ujenzi ukiendelea.

Vigezo hivi sikuviokota hewani. Mwaka 1991 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni ilipoeleza maana ya makazi ya kutosha, iliweka uhakika wa kukaa, huduma, unafuu wa gharama na mahali nyumba ilipo sambamba na kuta na paa.

Njia ya kwanza: kuboresha mtaa palepale ulipo

Nyumba zinabaki, watu wanabaki, kinacholetwa ni njia za kupita, mitaro, mabomba, vyoo na taa. Jakarta na Surabaya nchini Indonesia walianza mpango wa namna hii mwaka 1969, wakatengeneza vichochoro na mifereji bila kubomoa mitaa. Wakazi walipoona mtaa wao umekubaliwa, wakaanza kukarabati nyumba kwa pesa zao.

Kwa mahali na riziki, hakuna njia inayoishinda hii. Mama anayeuza barazani haachi wateja wake, mtoto habadili shule. Familia maskini huchagua kuishi pabaya kwa sababu pako karibu na kazi, na uamuzi huo una hesabu ndani yake. Anayewatakia mema aiheshimu hesabu hiyo.

Uhakika wa kukaa ndipo penye udhaifu. Kama ardhi si yenu na haijulikani ni ya nani, kila mfuko wa saruji mnaomwaga ni kamari. Thailand ilijaribu kulikabili hili katika mpango wa Baan Mankong, ulioanza mwaka 2003. Wakazi huunda kikundi, huweka akiba inayofikia asilimia 10 ya mkopo wanaoomba, kisha kikundi kizima hujadiliana na mwenye ardhi: wainunue, wapewe mkataba mrefu wa upangaji, au wagawane eneo, wao wabaki upande mmoja na yeye achukue mwingine. Mkopo na ardhi huwa vya kikundi. Ni vigumu kuwang'oa mmoja mmoja watu walioshikana hivyo.

Mzigo wa kila mwezi huwa mdogo kwa wenye nyumba. Kwa wapangaji ni habari nyingine, na hili mara nyingi halisemwi kikaoni kwa sababu wapangaji hawakualikwa. Maji yakifika, taa zikiwaka, kodi hupanda. Aliyekuwa maskini kuliko wote ndiye anayehama kwenda bonde jingine, na mtaa unahesabiwa kuwa umefaulu. Kama kikundi chenu kina wapangaji, andikianeni mapema: kodi isipande kwa muda fulani, au anayepata ruzuku ya kukarabati akubali kumbakiza mpangaji wake. Bila maandishi, ahadi ya mwenye nyumba hudumu mpaka mpangaji mwenye pesa zaidi abishe hodi.

Kwa afya, jambo dogo linaweza kufanya kazi kubwa. Mwaka 2000 jimbo la Coahuila nchini Meksiko lilianza kumwaga zege kwenye sakafu za udongo za familia maskini. Hawakujenga nyumba mpya, walitengeneza sakafu tu. Watafiti waliolinganisha familia hizo na nyingine waligundua kwamba kuondoa kabisa sakafu ya udongo kulipunguza maambukizi ya minyoo kwa watoto wadogo kwa takriban asilimia 78, kuhara kwa 49 na upungufu wa damu kwa 81. Mama zao nao walionyesha dalili chache za sonona. Kama mmepata pesa kidogo na mna watoto wanaotambaa, ningeanza na sakafu kabla ya rangi, geti au dari.

Kazi na muda: mnaweza kuanza wiki hii, na hakuna anayelala nje. Ila mfuatano wa kazi ni muhimu mno. Mtaa wa Orangi jijini Karachi, Pakistan, unafundisha hili vizuri kuliko popote ninapopajua. Kuanzia mwaka 1980, mtaalamu wa maendeleo ya jamii Akhtar Hameed Khan na wenzake waliwashawishi watu wa kila kichochoro, nyumba 20 hadi 40 hivi, wachange na wachimbe wenyewe bomba la maji machafu la kichochoro chao, wakipewa vipimo na ushauri wa kitaalamu. Wazo lao lilikuwa kugawana kazi: choo cha ndani na bomba la kichochoro ni la wakazi, bomba kuu na mtambo wa kusafisha ni vya serikali. Mkisahau sehemu ya pili, mnakuwa mmewapelekea uchafu wenu walio chini. Na msiweke lami kabla ya mabomba, kwani mtaivunja ndani ya mwaka.

Inawafaa: watu ambao mahali walipo ni salama, riziki yao iko hapo, na kuna njia ya kuzungumza na mwenye ardhi. Haiwafai walio kwenye mkondo wa maji, mteremko unaomomonyoka, chini ya nyaya za umeme mkubwa au kando ya reli.

Njia ya pili: kiwanja chenye huduma, au nyumba ya kuanzia

Mnapimiwa viwanja, barabara inachongwa, maji na choo vinawekwa, mengine mnajenga wenyewe kidogo kidogo. Benki ya Dunia ilianza kugharimia miradi hii Dakar mwaka 1972, na katika muongo huohuo ikaenea hadi Dandora jijini Nairobi na Sinza jijini Dar es Salaam.

Kwa uhakika wa kukaa, hii ni njia yenye nguvu, kwa kuwa kiwanja kimepimwa na hati ina jina. Hakikisheni jina hilo si la mume peke yake. Mjane aliyejenga kwa mikono yake na akatolewa na shemeji kwa kukosa jina kwenye karatasi hakusaidiwa na mradi.

Mahali ndipo panapoangusha. Ardhi ya bei nafuu huwa mbali. Jaribio mashuhuri la kulipinga hilo ni Quinta Monroy, mjini Iquique, Chile. Familia karibu 100 zilikuwa zimekaa miaka 30 kwenye nusu hekta katikati ya mji, na ruzuku ilikuwa dola 7,500 kwa familia, itoshe ardhi, miundombinu na nyumba. Msanifu Alejandro Aravena na kundi lake waliamua kulipia ardhi ileile ya katikati, ingawa ilikuwa ghali karibu mara tatu kuliko ile inayonunuliwa kwa kawaida kwa nyumba za maskini. Pesa iliyobaki haikutosha nyumba nzima, basi wakajenga nusu. Mradi ulikamilika mwaka 2004. Kila familia ilipata takriban mita za mraba 36 zinazoweza kukua hadi 72.

Kwa afya, la kujifunza Iquique ni nusu ipi ijengwe. Walijenga ile ambayo familia isingeweza kuijenga vizuri peke yake: bafu, jiko, ngazi, kuta za kutenganisha nyumba na nyumba, na mifupa inayostahimili matetemeko. Chumba cha kulala fundi wa mtaani atakijenga, lakini ngazi mbovu au choo kisicho na njia ya maji hakirekebishiki kirahisi. Mkipewa chaguo kati ya vyumba viwili vitupu na kimoja chenye choo, maji na msingi unaobeba ghorofa, chukueni hicho kimoja.

Mzigo wa kila mwezi una mtego: katika miezi ya ujenzi familia inalipa kodi kule inakoishi na inanunua tofali kule inakojenga. Wengi huishia kuhamia kwenye kuta zisizo na paa kamili, au kuuza kiwanja. Wengine hujenga vyumba vya kupangisha kwanza, wakavitumia kulipia nyumba yao, kama wengi walivyofanya Dandora. Nawaelewa kabisa.

Kazi na muda: mhesabu miaka. Watafiti waliofuatilia mitaa ya aina hii nchini Tanzania, miongo kadhaa baada ya kupimwa, waliikuta ina nyumba bora na mitaa iliyonyooka kuliko maeneo jirani. Waliikuta pia ikikaliwa na watu wenye uwezo zaidi. Mtaa ulipanda, ila si lazima na wale wa kwanza waliokusudiwa.

Inawafaa: familia yenye kipato kidogo lakini kinachoingia mara kwa mara, yenye mtu anayejua ujenzi au ndugu wa kusaidia, na inayoweza kuvumilia. Mwenye kipato cha leo kipo kesho hakipo atalazimika kuuza mapema.

Njia ya tatu: ushirika wa kujenga na kumiliki pamoja

Uruguay ndiyo iliyoipa njia hii sheria imara, mwaka 1968, na mwaka 1970 vyama vya kujenga kwa kusaidiana vikaunda shirikisho lao, FUCVAM. Chama kinapata ardhi na mkopo wa serikali, wataalamu wanakishauri, na kila familia inatoa saa 21 za kazi kwa wiki hadi nyumba zote ziishe. Anayezoea msaragambo au harambee ataielewa mara moja, ila hapa saa huandikwa daftarini na anayekosa hulipa.

Uhakika wa kukaa ni mkubwa sana, kwa namna isiyo ya kawaida. Nyumba ni ya chama, na familia ina haki ya kuitumia, inayoweza kurithiwa. Huwezi kuiuza sokoni kwa bei ya juu. Wapo wanaoliona hilo kama minyororo. Mimi naliona kama ukuta unaomzuia mwenye pesa asiwanunue mmoja mmoja mpaka mtaa uishe, lakini nakubali kwamba anayetaka nyumba iwe mtaji wa biashara atabanwa hapa.

Mahali hutegemea ardhi itakayopatikana. Chama kikubwa chenye sauti kinaweza kudai ardhi ya umma ndani ya mji, na familia moja haiwezi. Mzigo wa kila mwezi hupungua kwa kuwa nguvu zenu zimechukua nafasi ya sehemu ya pesa, na msukosuko ukija mfuko wa pamoja humbeba aliyeachishwa kazi kwa muda. Afya huwa nzuri, maana nyumba imesimamiwa na wataalamu tangu msingi.

Bei halisi ya njia hii ni muda. Saa 21 juu ya wiki ya kazi ni mzigo mzito kwa mama mwenye watoto wanne na asiye na wa kumsaidia. Chama kizuri huhesabu kupika kwa ajili ya wajenzi, kulea watoto, kulinda vifaa na kutunza daftari kuwa saa halali sawa na kubeba zege. Ulizeni hilo kabla ya kujiunga. Ulizeni pia nani anatia saini benki, hesabu zinasomwa mara ngapi, na anayetaka kutoka anarudishiwa nini. Mara nyingi vyama hivi huvunjikia kwenye daftari la mweka hazina, hata pale kuta zilipokuwa zinakwenda vizuri.

Inawafaa: watu wanaojuana na walioweka akiba pamoja kwa mwaka au zaidi bila ugomvi. Waliokutana juzi kwenye orodha ya mradi wasubiri kidogo.

Njia ya nne: nyumba iliyokamilika mahali papya

Serikali inajenga, familia inapewa ufunguo kwa ruzuku, mkopo au kodi nafuu. Kwa aliyelala chini ya bati la kuvuja, siwezi kuibeza njia hii. Singapore iliunda bodi ya nyumba mwaka 1960. Moto wa Bukit Ho Swee wa Mei 1961 ulipowaacha karibu watu 16,000 bila makao, walipatiwa makao mapya ndani ya mwaka mmoja. Leo wakazi wengi wa nchi hiyo wanaishi kwenye nyumba za bodi. Nyuma yake kulikuwa na mamlaka makubwa ya kutwaa ardhi, na kuanzia mwaka 1968 watu waliruhusiwa kununua nyumba kwa akiba yao ya lazima ya uzeeni. Mkiahidiwa ghorofa kama za Singapore, ulizeni kama mambo hayo mawili yapo.

Afya ndiyo faida ya wazi: choo ndani, maji, sakafu safi, kuta zisizopitisha baridi. Kazi na muda wenu ni kidogo, ingawa foleni inaweza kuwa ya miaka mingi.

Mahali na riziki ndipo familia nyingi zilipoumia. Ahmedabad nchini India, wanawake maskini waliingizwa kwenye bahati nasibu ya nyumba zilizojengwa kilomita 12 hivi kutoka walikokuwa wakiishi, katikati ya mji. Baada ya miaka 14, karibu theluthi moja ya walioshinda hawakuwahi kuhamia kabisa, na theluthi nyingine walikuwa wameshaondoka. Waliobaki hawakuwa na kipato kikubwa kuliko walioshindwa, na walikuwa mbali na jamaa ambao zamani waliwakopesha na kuwasaidia siku mbaya. Meksiko nako, sensa ya mwaka 2010 ilihesabu nyumba zisizokaliwa karibu milioni 5, na miongoni mwake ni nyumba za mikopo zilizojengwa mbali na kazi na usafiri.

Mzigo wa kila mwezi unahitaji macho. Ada ya usafi, lifti, pampu ya maji, taa za ngazi: vitu ambavyo bandani havikuwepo. Pruitt-Igoe jijini St. Louis, Marekani, yalikuwa majengo 33 ya ghorofa 11, yaliyokamilika katikati ya miaka ya 1950. Serikali kuu ililipia ujenzi, lakini ukarabati ulitegemea kodi za wapangaji. Wapangaji walipopungua na waliobaki wakawa maskini zaidi, lifti zikafa, mabomba yakapasuka, wengine wakahama, kodi ikapungua tena. Ubomoaji ulianza mwaka 1972. Kabla ya kusaini popote, uliza ni nani atalipia lifti mwaka wa kumi.

Uhakika wa kukaa hutegemea mkataba. Mkopo ukishindikana mara tatu, unaweza kutolewa kwenye nyumba nzuri haraka kuliko kwenye banda.

Inawafaa: walio mahali pa hatari pasipoboreshwa, wazee na wenye ulemavu wasioweza kujenga, waliopoteza nyumba kwa moto au mafuriko, na wenye mshahara wa uhakika.

Kuchagua kwa hali yenu

Kama maji hufika kitandani kila msimu au mteremko unaanza kupasuka, hameni, na msitumie akiba kuboresha hapo. Lakini nendeni kwa kundi, na dai la kwanza liwe kuhamishwa karibu. Kila kilomita inayoongezwa itahesabiwa kwenye nauli na kwenye saa ambazo watoto wako peke yao.

Kama mahali ni salama ila ardhi ina mgogoro, wekeni pesa kwanza kwenye kuhesabu kaya, kuchora ramani ya mtaa na kujadiliana na mwenye ardhi. Wakati huo fanyeni yale yanayobebeka au yenye faida ya haraka: sakafu, dirisha la jikoni, mtaro mfupi, tangi la maji. Zege kubwa lisubiri karatasi.

Kama ardhi ni yenu au mkataba ni mrefu, bomba la maji machafu litangulie, njia ifuate, kisha paa.

Kama wengi wenu ni wapangaji, kuboresha mtaa pekee kunaweza kuwafukuza. Tazameni ushirika au nyumba za kodi nafuu, na mtake kiti kwenye kamati ya wenye nyumba kabla mabomba hayajafika.

Kama mna kipato kidogo cha uhakika na vijana wenye nguvu, kiwanja au nyumba ya kuanzia itawapa nafasi ya kukua, mradi muwe na pa kulala pasipowamaliza kwa kodi. Kama mmekuwa mkiweka na kukopa pamoja kwa muda na hesabu zinasomeka, ushirika utawafikisha mbali kuliko kila mmoja na kiwanja chake.

Na kama ni familia moja tu, bila kikundi, bila mradi, na pesa ni ya kazi moja, hesabu watoto walio chini ya miaka sita. Wakiwepo, tengeneza sakafu. Wasipokuwepo, paa kwanza, kisha dirisha la pili upande wa pili wa chumba ili hewa ipite.